Rubisi Huko New York

Niliposema nyumbani Kanoni kwamba naenda chuo kikuu kusomea uchoraji, babu aliniuliza: "Mjukuu wangu, utakula rangi?" Sikuwa na jibu.

Jibu nililikuta baadaye, nikisoma uzamili. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, alisoma sanaa Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kuifundisha mwaka 1937. Akaendelea London, katika shule ya Slade, kisha akarudi Makerere kufundisha. Tanganyika ilipopata uhuru, mchoraji huyo akawa balozi wetu Uingereza. Na alichora nini? Migomba, mashamba, watu wakifanya kazi pamoja. Mwaka 1960 Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York lilinunua picha yake ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Pombe ya ndizi! Kwetu tungesema rubisi.

Lakini babu hakukosea kuuliza. Kizazi cha Ntiro kilikuwa na wasomi wachache, na nchi changa iliwahitaji wote. Sisi tuko wengi, na balozi ni mmoja. Likizo hii nitampelekea babu picha ile. Ajira sina bado, ila rubisi ataitambua.