Majumba ya sanaa London: kiingilio bure, maswali mazito

Msafiri anayefika London kwa mara ya kwanza, awe ametoka Mombasa, Muscat au Minneapolis, mara nyingi hushangazwa na jambo moja: katika mji ambao karibu kila kitu ni ghali, majumba makubwa ya makumbusho hayatozi kiingilio.

Utaratibu huo unayahusu majumba yote ya makumbusho ya taifa nchini Uingereza tangu Desemba mwaka 2001. Maonyesho ya kudumu hutazamwa bure. Ni maonyesho maalum ya muda tu ambayo aghalabu huhitaji tiketi ya kulipia.

Wapi pa kuanzia

National Gallery, lililoanzishwa mwaka 1824, liko katika uwanja wa Trafalgar. Lina picha za kuchora zaidi ya 2,300 za wasanii wa Ulaya, ikiwemo ile mashuhuri ya maua ya alizeti ambayo Vincent van Gogh aliichora mwaka 1888. Hufunguliwa saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na siku ya Ijumaa hadi saa tatu usiku.

Kando ya mto Thames kuna Tate Modern, jumba la sanaa ya kisasa lililofunguliwa mwaka 2000 ndani ya kilichokuwa kituo cha kuzalisha umeme. Ukumbi wake mkubwa ndimo El Anatsui, msanii mzaliwa wa Ghana, alimotundika mwaka 2023 mapazia makubwa yaliyoundwa kwa maelfu ya vifuniko vya chupa.

British Museum, lililofungua milango yake mwaka 1759, lina kumbi za Afrika katika ghorofa ya chini ya ardhi. Hazina yake ya sanaa ya kisasa inajumuisha vyungu vya Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, na kiti cha enzi kilichotengenezwa mwaka 2001 na msanii wa Msumbiji, Kester, kwa vipande vya bunduki zilizosalimishwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Haiwezekani kuyamaliza majumba haya kwa siku moja. Anayechagua kumbi mbili au tatu na kuzitazama kwa utulivu hufaidi zaidi kuliko anayepita mbio katika kumbi ishirini. Inafaa pia kuweka nafasi mapema kwenye mtandao na kuacha mizigo mikubwa hotelini, kwani mikoba hukaguliwa mlangoni.

Vilifikaje huko?

Si kila kilichomo kilinunuliwa au kutolewa zawadi. Mwaka 1897 majeshi ya Uingereza yaliuvamia mji wa Benin, katika Nigeria ya leo, na kuchukua maelfu ya sanamu na vibao vya shaba kutoka kasri la mfalme. British Museum lina zaidi ya vitu 900 vya Benin, na sheria ya mwaka 1963 inalibana lisitoe mali yake ila kwa sababu chache.

Majumba yasiyobanwa na sheria hiyo yamechukua njia nyingine. Horniman, lililoko kusini mwa London, lilikabidhi umiliki wa vitu 72 vya Benin kwa Nigeria mwaka 2022.

Afrika Mashariki nayo inadai chake. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa bonde la Mto Tana nchini Kenya, ilitwaliwa na maafisa wa kikoloni mwaka 1902. Kwao haikuwa ngoma ya kuchezea tu, bali alama ya mamlaka ya wazee. Ilifikishwa British Museum mwaka 1908, na kwa miaka mingi imewekwa ghalani badala ya kuonyeshwa.

Mpokomo anayezuru London anaweza kuingia katika jumba hilo bila kulipa hata senti. Lakini kumbi zilizo wazi kwake si lazima ziwe na ngoma ya babu zake.