Mgeni na Wenyeji Wake Mjini Dar es Salaam

Mji wa biashara hujengwa zaidi na watu waliofika bila kuujua. Dar es Salaam, ambayo Sultani Majid alianza kuijenga katika miaka ya 1860, ilipata wakazi wake wengi kwa njia hiyo. Mtu alikuja kwa miguu, kwa jahazi, au kwa gari la moshi baada ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, akauliza njia. Aliyejibiwa vyema alipata pa kulala. Aliyepuuzwa alilala barazani, na pengine alirudishwa kwao kwa nguvu.

Wazaramo wa kusini waliovuka mlango wa bandari kutoka Kigamboni wakashukia Feri hawakuwa na taabu kubwa, maana waliingia katika nchi yao wenyewe. Taabu ilikuwa ya watu wa bara. Hao waliulizia Kariakoo, mtaa uliorithi jina la kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, walioutwaa mji mwaka 1916. Nyumba za huko zilikuwa na ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili, aghalabu kila chumba na mpangaji wake. J. A. K. Leslie, ambaye uchunguzi wake juu ya mji ulichapishwa mwaka 1963, alieleza jinsi mgeni alivyofikia kwa ndugu yake na kukaa hapo akitafuta kazi. Methali ya mgeni na jembe haikusahauliwa, ila jembe la mjini lilikuwa kuchota maji au kubeba mizigo sokoni.

Na asiye na ndugu je? Huyo alikuwa na mtani. Utani baina ya Wanyamwezi na watu wa pwani ulikomaa katika njia za misafara, na una tabia moja ya kustaajabisha: mtani humtukana mgeni kwanza, kisha humlisha, na mgeni akifa ugenini, mtani hushika kazi ya maziko. Tusi la namna hiyo si dharau. Ni alama kwamba mgeni ametambuliwa na deni lake limekubaliwa.

Hapa yafaa kuutazama mji mwingine usio na mitaa, yaani jamii ya waandishi wa programu huria. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, aliwatangazia wenzake kazi yake changa akiomba maoni yao, na kazi hiyo ikawa Linux. Baadaye yeye mwenyewe alijulikana kwa maneno makali juu ya waliokosea, hata mwezi wa Septemba 2018 akaomba radhi, na mradi ukaweka kanuni mpya za mwenendo. Waliotetea ukali walisema kwamba hulinda ubora wa kazi, na kwamba swali lile lile likiulizwa mara elfu huchosha. Hoja hii ina uzito. Lakini mwenye kutukana huko hakuwa na deni lolote kwa aliyetukanwa. Alimwambia akasome kwanza, akaenda zake. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao waliingia katika mji huo kama wageni, na mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi katika Kiswahili.

Turudi Kariakoo. Mnamo mwaka 1948 mji ulikuwa na watu wapatao 69,000. Mwaka 1957 walizidi 128,000. Chumba kimoja hakikuweza kupokea ndugu bila kikomo. Vyama vya makabila, vilivyoenea hasa katika miaka ya 1930 na 1940, vilisaidia kuzika na kuwasafirisha waliokwama, lakini mifuko yao ilikuwa midogo. Serikali ya kikoloni ilikuwa na jibu jingine: kwa sheria ya mwaka 1944 iliweza kuwaondoa mjini Waafrika iliowaona hawatakiwi, na asiye na kazi aliitwa mhuni.

Uhuru haukulifuta jibu hilo. Mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, watu wasioweza kuthibitisha kwamba wana kazi walikamatwa mitaani, wengi wakapelekwa mashambani. Safari hii jembe lilikuwa la kweli, na siku ya tatu haikungojwa. Wengi wao walirudi mjini baadaye, wakafikia katika vyumba vile vile vya ndugu zao.