Wayahudi na Kanisa Lililotuzaa: Kumbukumbu ya Miaka ya Vita

Kamati ya jubilei ilipokuwa ikigawa sura za kitabu hiki, nilisema kwamba ningependa kuandika habari za Wayahudi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mzee mmoja wa usharika aliyeketi karibu nami akauliza kwa upole, "Mchungaji, Wayahudi walifika lini Kilema?" Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Swali lake lilikuwa la haki. Johannes Rebmann alipita Kilema mwaka 1848 na kupokelewa na Mangi Masaki. Mapadri Wakatoliki walianza misheni yao hapa mwaka 1891, nao Walutheri wa Misioni ya Leipzig walifika Machame mwaka 1893 na Mamba mwaka 1894. Katika habari hizo zote hamna sinagogi wala rabi. Myahudi aliyejulikana kwa wazee wetu ni yule wa Biblia: Ibrahimu, Musa, Daudi, na lile kundi lililopaza sauti mbele ya Pilato siku ya Ijumaa Kuu.

Hapo pana jambo la kukiri. Sisi tuliofundishwa kipaimara zamani tulitoka darasani tukijua kwamba "Wayahudi walimwua Yesu". Ni wachache waliokumbushwa kwamba Mariamu, Petro na Paulo walikuwa Wayahudi vilevile, na kwamba hukumu ya msalaba ilitolewa na liwali wa Kirumi. Fundisho hilo la nusu halikuzaliwa Kilimanjaro. Lilikuja pamoja na mambo mengi mema kutoka mji ambao jina lake kila Mlutheri wa mlimani analijua. Jibu langu kwa yule mzee, basi, ni kwamba njia ya kutoka Kilema kwenda kwa Wayahudi inapita Leipzig.

Leipzig yenyewe ilikuwa na sura mbili. Katika chuo kikuu cha mji huo alifundisha Franz Delitzsch, Mlutheri na bingwa wa Agano la Kale, aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiebrania na kulichapisha mwaka 1877. Padri August Rohling alipoeneza uzushi kwamba dini ya Kiyahudi inaruhusu kuwadhuru Wakristo, Delitzsch alimjibu hadharani mwaka 1881, akionyesha jinsi maandiko ya marabi yalivyopotoshwa. Mwaka 1886 alianzisha taasisi ya kujifunza Uyahudi, iliyojulikana kwa jina la Institutum Judaicum. Ni kweli kwamba alitamani Wayahudi wamwamini Kristo, wala hakulificha jambo hilo. Lakini hakukubali wasingiziwe. Taasisi yake ilidumu Leipzig hadi mwaka 1935, ilipofungwa chini ya utawala wa Wanazi.

Sura ya pili ina mizizi kwa Martin Luther mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi wa theolojia tulimsoma sana Luther wa mwaka 1517 na wa mwaka 1521. Luther wa mwaka 1543 hatukumfikia, muhula uliisha. Nilikuja kumsoma baadaye, nikiwa tayari mchungaji, na usiku ule sikulala vizuri. Mwaka 1523 aliandika kijitabu cha kuwakumbusha Wakristo kwamba Yesu alizaliwa Myahudi, akiwaonya wasiwatendee ndugu zake Yesu kama mbwa. Miaka 20 baadaye mtu yuleyule aliwashauri watawala wachome moto masinagogi, wabomoe nyumba za Wayahudi, wawanyang'anye vitabu vyao vya sala na kuwakataza marabi kufundisha. Wako wanaosema kwamba alikuwa mzee na mgonjwa. Alikuwa hivyo kweli, lakini katika miaka hiyohiyo ya uzee aliandika pia mambo tunayoyasoma hadi leo kwa shukrani, wala hatuyapunguzii uzito kwa sababu ya maradhi yake.

Karne nne zikapita, na ushauri ule ukapata watekelezaji. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Novemba 1938 masinagogi yalichomwa Ujerumani kote, na Leipzig lile kubwa la mtaa wa Gottschedstrasse liliteketea. Tarehe 10 Novemba ndiyo siku ya kuzaliwa kwa Luther. Martin Sasse, askofu wa kanisa la Kilutheri la Thuringia, jirani wa Saksonia, aliitaja tarehe hiyo kwa furaha katika kijitabu alichotoa mwaka huohuo, chenye maneno ya Luther dhidi ya Wayahudi. Hakuwa mpagani huyo; alikuwa askofu. Siku chache kabla ya moto ule, mwishoni mwa Oktoba, Wayahudi wenye uraia wa Poland walipokuwa wakikamatwa ili wafukuzwe nchini, balozi mdogo wa Poland mjini Leipzig, Feliks Chiczewski, aliwafungulia watu wapatao 1,300 nyumba na bustani ya ubalozi wake, nao hawakukamatwa. Aliyefungua lango mwaka ule alikuwa ofisa wa serikali ya kigeni.

Mwaka 1933 Wayahudi wa Leipzig walikuwa zaidi ya 11,000. Januari 1942 treni ya kwanza iliwachukua baadhi yao kwenda Riga, na nyingine zikafuata hadi mwanzoni mwa 1945. Vita ilipokwisha walikuwa wamesalia wachache mno.

Je, huku kwetu palikuwaje? Chama cha Nazi kilikuwa na matawi miongoni mwa Wajerumani wa Tanganyika kabla ya vita, na wamo wamisionari wa Kilutheri waliojiunga nacho. Si wote, na si haki kuwatia wote katika kapu moja. Dk. Bruno Gutmann wa Old Moshi, aliyerudi kwao mwaka 1938, alitufundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu amewapa wanadamu, na Kanisa lijengwe juu yake. Fundisho hilo lilituheshimu sisi Wachagga wakati ambapo wengine walidharau mila zetu. Lakini miaka ileile, katika nchi yake, maneno ya damu na ardhi ya mababu yaligeuzwa kuwa kisu. Wataalamu bado wanajadiliana jinsi mawazo yake yalivyohusiana na upepo wa wakati ule. Mimi ninayemwheshimu nasema hili tu: ukoo ukiwa mlango, mgeni huingia; ukiwa ukuta, mgeni hufa nje.

Mwaka 1940 wamisionari wengi Wajerumani waliwekwa kizuizini na Waingereza. Dk. Richard Reusch, mzaliwa wa Urusi, alibaki kuongoza kazi, Walutheri wa Augustana kutoka Marekani wakaja kusaidia, na walimu na wachungaji wenyeji wakabeba sharika mabegani. Sura nyingine za kitabu hiki zinasimulia habari hizo kwa kirefu, na kwa haki tunaziita miaka ya kukomaa kwetu. Hatukujua kwamba katika miaka hiyohiyo ya ukimya, barua kutoka Leipzig zikiwa zimekatika, kanisa la nyumbani lilikuwa likiamua jambo lililogusa hata ubatizo wetu.

Tarehe 17 Desemba 1941 viongozi wa makanisa saba ya majimbo ya Ujerumani, Saksonia ikiwamo, walitangaza kwamba Wakristo wa asili ya Kiyahudi hawana nafasi wala haki katika makanisa yao. Hoja yao ilikuwa kwamba ubatizo haubadilishi asili ya mtu. Leipzig imo Saksonia. Tafadhali, msomaji, ulirudie tamko hilo polepole. Mjukuu wa Myahudi aliyebatizwa utotoni, akapata kipaimara na kuimba katika kwaya, aliambiwa kwamba maji yale hayakutosha kwa sababu ya damu yake. Kwa hoja hiyo, babu zetu waliobatizwa na wamisionari wa kutoka mji uleule walikuwa wamepewa nini? Mmisionari hakumwuliza mzee wa Kilema damu yake ni ya nani. Alimwuliza kama anamkana Ibilisi na kama anamwamini Kristo. Waliotia sahihi lile tamko hawakuwa wakifikiri habari zetu, lakini walikata tawi ambalo nasi tulikuwa tumelikalia.

Wala milango ya huku haikuwa wazi. Tarehe 21 Novemba 1938, siku chache baada ya masinagogi kuchomwa, Waziri Mkuu Chamberlain alilieleza Bunge la Uingereza kuwa Tanganyika ni miongoni mwa nchi ambako wakimbizi Wayahudi wangeweza kupewa ardhi. Hakuna aliyewauliza wenye nchi, na mpango huo haukufika mbali. Kenya walipokewa wachache. Na vita ilipoanza mwaka 1939 wanaume kadhaa kati yao waliwekwa kizuizini kwa kuwa walikuwa na pasipoti za Kijerumani, wakahesabiwa adui pamoja na watu waliowakimbia, kabla ya kuachiliwa. Baadaye, kuanzia mwaka 1942, wakimbizi wa Poland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, walipewa makazi Tengeru, chini ya Mlima Meru. Makaburi yao yapo hata leo. Ninafurahi kwamba walipokewa. Lakini nipitapo Tengeru hujiuliza kwa nini nafasi iliyopatikana mwaka 1942 haikupatikana mwaka 1938.

Vijana wetu pia walipita karibu na habari hii bila kuijua. Mwaka 1940 ofisi za serikali ya Nazi ziliandaa mpango wa kuwahamishia Wayahudi wa Ulaya katika kisiwa cha Madagaska. Mpango ulikwama, yakafuata mauaji. Mwaka 1942 askari wa King's African Rifles, kikiwamo kikosi cha Tanganyika, walipelekwa kupigana katika kisiwa hichohicho dhidi ya jeshi la Wafaransa waliotii serikali ya Vichy. Wazee waliokwenda vita ile walisimulia mvua na malaria.

Mwaka 1984, Budapest, Mkutano Mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani ulipokea tamko lililokataa maneno makali ya Luther dhidi ya Wayahudi. Kanisa letu lilikuwa mwanachama, kwa hiyo toba ile ni yetu pia, ingawa sijasikia ikisomwa madhabahuni. Labda kwa sababu tunaona ni dhambi ya wengine. Lakini sisi Wachagga tunaujua utani wa "Mchagga na hela". Tunacheka nao, na mara nyingine tunauanzisha wenyewe. Utani si mauaji. Hata hivyo yaliyosemwa juu ya Wayahudi kwa karne nyingi, kwamba wanapenda fedha, wanapendeleana na hawashibi, tunayasikia yakisemwa juu yetu stendi na maofisini, nasi huyasema juu ya Wahindi bila kuona haya.

Nilipobahatika kufika Leipzig, mwenyeji wetu alitupeleka kwanza katika kanisa la Mtakatifu Thomas, kwenye kaburi la Johann Sebastian Bach, na wenzangu wakaimba ubeti mmoja kwa Kiswahili. Kisha tukatembea dakika chache hadi Gottschedstrasse. Mahali lilipokuwa sinagogi hapana jengo. Tangu mwaka 2001 pana viti 140 vya shaba vilivyopangwa kwa safu, kama vya ibada, na hakuna aliyevikalia. Mwinjilisti mmoja wa kundi letu aliuliza kama inaruhusiwa kuketi. Mwenyeji akasema inaruhusiwa. Tuliketi, kila mmoja katika safu yake, na kwa muda mrefu hakuna aliyeanzisha wimbo.