Historia ya vipimo vyetu, sehemu ya 6: Namba ya fahamu ilitoka wapi?

Watoto wameshalala? Basi tukae kidogo.

Baada ya sehemu ya 5, mama mmoja aliniandikia: "Dada nesi, tulipoanguka na bodaboda mwanangu akaumia kichwa, usiku kucha mlikuwa mnakuja. Mnamwita jina, mnamminya kucha, mnaandika namba, mnaondoka. Nilitamani kuwafukuza. Ile namba ni ya nini?"

Mama, ulikuwa na haki ya kuelezwa siku ileile. Leo nakujibu, na wengine msikie.

Zamani namba hiyo haikuwepo. Mtu akiumia kichwa, daktari aliandika maneno: amezubaa, ana usingizi mzito, nusu fahamu, hajitambui. Shida ni kwamba kila mtu alikuwa na "nusu" yake. Wa mchana kaandika "nusu fahamu", wa usiku kaandika "usingizi mzito". Sasa wewe wa asubuhi utajuaje kama mgonjwa anapanda au anashuka?

Na kwenye jeraha la kichwa, kushuka ndiyo hatari yenyewe. Damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu ikaukandamiza ubongo. Mtoto aliyekuwa anaongea saa 12 jioni, saa 3 usiku haamki. Ukigundua mapema anaweza kufanyiwa upasuaji akapona. Ukichelewa, umechelewa.

Mwaka 1974, madaktari wawili wa upasuaji wa ubongo kule Glasgow, Uskochi, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walichapisha njia nyepesi kwenye jarida la Lancet. Walisema tuache maneno ya kukisia, tuangalie vitu vitatu tu: macho, maneno na mwili.

Macho: anafungua mwenyewe, 4. Akiitwa, 3. Akiminywa, 2. Hafungui kabisa, 1. Maneno yanakwenda mpaka 5, mwili mpaka 6. Mwanzoni jumla ilikuwa 14, baadaye ikaongezwa ngazi moja kwenye mwili, ikawa 15 kama tunavyoijua. Ya chini kabisa ni 3. Akiwa 8 au chini, hali ni mbaya sana.

Uzuri wake ni kwamba haihitaji mashine. Nesi peke yake, saa 9 usiku, umeme umekatika, anaweza kupima. Na mwenzake akija asubuhi akipima vilevile, wanaongea lugha moja. Kwa hiyo tulipomminya mtoto kucha hatukuwa tunamtesa. Tulikuwa tunauliza: bado upo palepale, au unashuka?

Lakini kipimo hicho kilikuwa na tundu. Ili upate 5 za maneno lazima ujibu uko wapi, na huu ni mwezi gani. Haya, muulize mtoto wa miezi 10!

Tundu hilo lilizibwa hapa kwetu Afrika, jirani tu, Malawi. Katika hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, watoto walikuwa wanaletwa wamepoteza fahamu kwa malaria ya ubongo. Mwaka 1989 Malcolm Molyneux, Terrie Taylor na wenzao walichapisha utafiti wa watoto 131 wa aina hiyo, wakiwa na kipimo chao kifupi, kuanzia 0 mpaka 5.

Mwili: ukimminya, mkono unakuja kuondoa maumivu, 2. Anavuta tu kiungo, 1. Hakuna kitu, 0. Sauti: kilio cha kweli, 2. Kuguna au kilio cha ajabu, 1. Kimya, 0. Akiwa na jumla ya 2 au chini, yuko kwenye koma.

Na macho? Sikilizeni hapa. Macho yana alama 1 tu, na swali lake ni hili: je, mtoto anaufuata uso wa mama yake?

Uso wako, mama, umo ndani ya kipimo cha hospitali. (Na mji huo wa Blantyre umepewa jina la mji alikozaliwa David Livingstone, ambao uko karibu na Glasgow. Dunia ndogo.)

Nilijifunza hili kwa aibu. Nikiwa nesi mpya, mama mmoja aliniita: "Nesi, mwanangu haniangalii." Nikamjibu, "Amechoka tu, mama, mwache alale." Dada mkuu wa zamu alinisikia, akaja mbio, akapima. Sukari ya mtoto ilikuwa imeshuka vibaya, jambo la kawaida kwenye malaria kali. Akapewa sukari kwenye mshipa. Alipona. Ila yule mama alikuwa ameshapima kabla yangu, mimi sikusikia.

Namba nayo ina mipaka. Inapima kile mwili unachoonyesha. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake, Uingereza, walimweka kwenye mashine ya picha za ubongo dada wa miaka 23 aliyeumia kwenye ajali ya gari. Kitandani hakuonyesha kuelewa chochote. Walipomwambia afikirie anacheza tenisi, ubongo wake ulifanya kazi kama wa mtu mzima wa afya. Si wote wako hivyo: mwaka 2010, kati ya wagonjwa 54 waliopimwa, 5 tu waliweza. Lakini ndiyo maana mimi nikifika kitandani nasalimia, hata asiponijibu. Nanyi ongeeni nao.

Sasa la kwenda nalo nyumbani. Mtoto akianguka na kugonga kichwa, kisha akawa haamki ukimwita, anatapika tena na tena, ana degedege, au anatoka damu au maji puani au masikioni, nenda hospitali hapohapo. Usisubiri kuche.

Na ukifika usiseme tu "amelegea". Sema: "Saa 12 alinifuata kwa macho. Saa 2 nilimwita, hakufungua." Hicho ni kipimo kamili.

Nesi akikujibu "amechoka tu", rudia kwa sauti.