Noeli ya 2020: Mwaka Tuliojifunza Kushukuru Pamoja

Katika kitabu hiki cha Jubilei wenzetu wameandika kuhusu waasisi wa kwaya, nyimbo tulizorekodi na safari tulizofanya. Sisi wa kamati tumepewa nafasi ya kueleza Noeli moja tu, ile ya mwaka 2020. Tusipoiandika sasa, vijana wanaojiunga nasi hawataelewa kwa nini kila Noeli tunatembelea familia zilizofiwa kabla ya sisi wenyewe kuketi mezani.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, tukiwa katikati ya Kwaresima na mazoezi ya Pasaka yameshika kasi. Siku mbili baadaye ikaamriwa shule zifungwe, na muda si mrefu makanisa nayo yakafungwa. Kuanzia tarehe 27 Machi tukawekewa kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mwezi wa Aprili njia za kuingia na kutoka Nairobi zikafungwa, zisifunguliwe hadi Julai.

Wengi wetu tunafanya kazi hapa Nairobi, lakini wazazi wetu wako mashambani. Katika miezi hiyo mmoja wa waimbaji wetu wa sauti ya pili alifiwa na mama yake. Mazishi yaliruhusiwa watu 15 tu, wote wa karibu. Kwaya yetu, ambayo ilikuwa haijawahi kumwacha mwanachama azike bila nyimbo, ilibaki mjini ikituma rambirambi kwa simu.

Riziki nayo ilibadilika. Matatu ya abiria 14 zilitakiwa kubeba 8, na madereva walio kati yetu walirudi nyumbani na pesa kidogo. Walimu wa shule za binafsi walikaa miezi bila mshahara. Baadhi yao wakaanza kuuza mboga na mayai kando ya barabara. Jambo moja lilitusaidia: hadi mwisho wa mwaka huo, kutuma pesa zisizozidi shilingi 1,000 kwa M-Pesa hakukutozwa ada. Mweka hazina wetu akatumia nafasi hiyo. Aliyekuwa na shilingi 50 alituma 50, aliyekuwa na 200 akatuma 200, na kila Ijumaa mchango ukaenda kwa nyumba mbili. Majina ya waliopokea hayakusomwa mbele ya watu hata siku moja.

Makanisa yalipofunguliwa mwezi wa Julai, ibada ilikuwa ya saa moja na watu wasiozidi 100. Watoto wa chini ya miaka 13 na wazee wa zaidi ya miaka 58 walitakiwa kubaki nyumbani. Basi mama zetu walioianzisha kwaya hii walitusikiliza kupitia simu iliyowekwa karibu na kinanda, wakiwa wamewapakata wajukuu.

Desemba ilipofika, tulikutana uwanjani, viti vikiwa mbalimbali, kupanga Noeli. Kuna waliotaka tuandae nyimbo za shukrani kama kawaida. Yule mwenzetu aliyefiwa akasema, "Mimi mwaka huu siwezi kusema asante." Hakuna aliyemkemea. Baada ya kimya, mzee mmoja wa besi akamjibu, "Mwanangu, hatukulazimishi. Tutasema sisi, wewe kaa nasi tu."

Maneno hayo ndiyo yaliyotuongoza. Tuliona kwamba shukrani ya familia haimtaki kila mtu awe na furaha siku moja. Mwenye nguvu huibeba kwa ajili ya aliyechoka, na mwakani huenda zamu zikabadilika.

Kafyu ilikuwa sasa inaanza saa nne usiku, kwa hiyo Misa ya mkesha ilisomwa mapema jioni. Waimbaji 12 tu ndio waliosimama mbele, wamevaa barakoa. Pesa za chakula cha pamoja tulichozoea tukanunulia unga, sukari na mafuta ya kupikia. Asubuhi ya Noeli tukagawanyika makundi madogo, tukaenda hadi malangoni mwa waliofiwa na waliopoteza kazi. Tuliimba tukiwa nje, tukaacha mizigo, tukaendelea na safari. Yule mwenzetu alifungua lango, akatutolea viti, akasikiliza mpaka mwisho. Hakuimba siku hiyo. Alirudi mazoezini mwaka uliofuata, na ndiye anayeratibu matembezi haya hadi leo.

Si wote waliorudi. Wapo waliohamia mashambani kabisa baada ya kukosa kazi, na wapo tuliowazika. Tunapoadhimisha miaka 25, hao pia ni wana wa nyumba hii.

Tunawashukuru waume, wake na watoto wetu, wanaotuachilia kila Jumamosi twende mazoezini. Tunawashukuru wazazi wetu walioko mashambani, ambao mwaka ule walituombea bila kutuona. Nawe msomaji, ikiwa Noeli hii ijayo hutakuwa na la kushukuru, njoo ukae nasi. Tutasema sisi.

Mungu awabariki nyote.

Kwa niaba ya kamati,
Katibu wa Kwaya