Mandari ya Epsom: Chakula Katika Siku ya Mbio za Farasi

Walimu wengi wamewahi kuulizwa na wanafunzi wao maana ya neno "mandari". Kamusi hutuambia kwamba ni matembezi ya kujifurahisha, ambayo watu hufungasha chakula chao na kwenda kukila mahali pa wazi. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayasemi lolote juu ya nani anafungasha, nani anabeba, na nani anakula. Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza wasomaji habari za mandari moja iliyokuwa mashuhuri sana huko Uingereza katika karne ya 19, nayo ni ile ya siku ya Derby.

Epsom ni mji ulio yapata kilomita 24 kutoka katikati ya London, upande wa kusini-magharibi. Juu ya mji huo pana nyanda za majani mafupi ambako farasi wamekuwa wakishindanishwa tangu zamani. Kabaila mmoja, Edward Smith-Stanley, Earl wa 12 wa Derby, alikuwa na nyumba karibu na hapo iliyoitwa The Oaks, naye alipenda sana kukaribisha wageni. Mwaka 1779 yalianzishwa mashindano ya farasi majike yaliyopewa jina la nyumba hiyo. Mwaka uliofuata, 1780, yakafuata mengine yaliyopewa jina lake mwenyewe. Yasimuliwa kwamba yeye na rafiki yake Sir Charles Bunbury walirusha sarafu ili kuamua jina la nani litumike. Kisa hicho huenda ni hadithi tu, lakini ni kweli kwamba farasi wa Bunbury, aliyeitwa Diomed, ndiye aliyeshinda Derby ya kwanza. Hivyo twaweza kusema kwamba mashindano haya yalizaliwa miongoni mwa watu waliozoea kukaa mezani pamoja.

Mbio zenyewe ni za mita 2,400 hivi, wala hazichukui dakika tatu. Lakini watu walitoka London alfajiri na kurudi usiku. Saa zote zilizobaki walizitumia kwa nini? Kwa kamari, kwa mazungumzo, na zaidi ya yote kwa kula. Kabla reli haijafika Epsom mwaka 1847, na hata baadaye, maelfu walikwenda kwa magari ya kukokotwa na farasi. Walipofika waliwafungua farasi, wakayaegesha magari kando ya njia ya mbio, na gari likageuka kuwa meza na kiti. Vikapu vilivyofungwa na maduka makubwa ya London vikafunguliwa hapo. Hata Bunge lilikuwa likiahirisha kikao chake siku hiyo, na desturi hiyo ilidumu kwa miaka mingi.

Waliokuwa na uwezo zaidi walikula katika jukwaa kuu, jengo lililosimamishwa karibu na mwaka 1830. Mwaka 1851 Charles Dickens na mwenzake W. H. Wills waliandika habari za Epsom katika jarida la Household Words, nao wakashuka mpaka jikoni. Hesabu waliyoitoa yastaajabisha: mapaja ya wanakondoo 130, mabega 130, na migongo 65, yaani kundi zima la wanakondoo 65 (mwalimu wa hesabu na aikague). Juu ya hayo walikuwapo kuku 500, kamba wakubwa wa baharini 400, pai za nyama ya njiwa 350, ndimi 150, na mayai 800 ya kuchemshwa. Bilauri zilikuwa 2,400, na sahani na bakuli 3,000. Saladi ilikuwa nyingi kiasi kwamba mkuu wa idara hiyo alimkumbusha mpishi kwa maandishi asisahau pipa kubwa na ufagio wa vijiti vya kuichanganyia! Dickens hakuacha mzaha wake: alisema kwamba kama angekuwa na farasi wa kushindanisha, angempa jina la Fortnum and Mason, duka mashuhuri la vyakula, kwani farasi mwenye jina hilo hawezi kushindwa.

Tukisoma hesabu hiyo twaona kwamba wanakondoo wamehesabiwa mmoja mmoja, lakini wasichana waliokuwa wakinyonyoa njiwa hawakutajwa idadi wala majina. Ndivyo zilivyo kumbukumbu nyingi za karamu.

Jukwaa hilo lilikuwa pia na wakazi. Msimamizi wa uwanja, Henry Dorling, alikuwa mjane mwenye watoto, na mwaka 1843 alimwoa mjane mwenzake mwenye watoto pia. Hatimaye watoto wa nyumba hiyo walifikia 21, na siku zisizokuwa na mbio wengi wao walikaa katika jukwaa lile lile. Mkubwa wao alikuwa Isabella Mayson, ambaye baada ya kuolewa aliitwa Bibi Beeton. Mwaka 1861 alitoa kitabu kikubwa cha kuendesha nyumba, na ndani yake mna orodha ya chakula cha mandari ya watu 40: kuku wanne wa kuokwa, bata wawili, kamba wakubwa sita, pai za njiwa mbili, na vingine vingi. Anakumbusha hata vizibuo vitatu vya chupa. Si ajabu kwamba aliyelelewa jukwaani alijua kufungasha chakula cha watu wengi. Alifariki mwaka 1865, akiwa na umri wa miaka 28 tu.

Lakini si kila aliyefika Epsom alikuwa na kikapu. Uwanda ulikuwa wazi kwa watu wote, nao walifika wafanyakazi wa London, wauza vitafunio, Waroma wenye kupiga ramli, wacheza sarakasi na ombaomba. Mchoraji William Powell Frith aliwakusanya wote katika picha yake ya siku ya Derby, iliyoonyeshwa London mwaka 1858. Watu walisongamana mno kuitazama, hata ikabidi kuwekwa uzio na askari wa kuilinda. Katikati ya picha hiyo mcheza sarakasi amemnyoshea mikono mwanawe mdogo ili waanze mchezo wao. Mtoto hamtazami baba. Amegeuza kichwa, macho yake yako kwa mtumishi anayetandika kitambaa majanini na kupanga pai na kamba kwa ajili ya mabwana zake. Farasi nao wamechorwa kwa mbali, nyuma ya umati, na ni wachache sana katika picha ile wanaowaangalia.