Moshi wa Kalamba

Huku Makobola tusikiapo harufu ya bangi nyuma ya nyumba, twafikiri mara moja juu ya wahuni. Walakini katika Kongo yetu walikuwako watu walioifanya bangi kuwa dini.

Ni Washilange wa Kasai, wanaohesabiwa leo kuwa Walulua. Wazungu Pogge na Wissmann walipofika kwa chifu Kalamba Mukenge, mwaka 1881, waliwakuta wakijiita Bena Riamba, ndio watu wa bangi. Walikuwa wamechoma hirizi za wazee wao na kukataza silaha kijijini. Aliyekuwa adui jana aliamkiwa “Moyo”, yaani uzima. Tusiwacheke upesi: sisi tuliobatizwa, je, hirizi zetu zote tumezichoma?

Bangi ilikaushwa, ikatiwa katika kichungu juu ya kibuyu kikubwa. Jioni watu waliketi, kibuyu kikazunguka, na kikohozi kikaanza. Moshi huo ulikuwa ibada. Ulikuwa hukumu pia. Mkosaji alivutishwa mpaka akaanguka, amezimia. Hapo ndipo twaona ubaya wake, kwa maana mtu asiyejitambua hawezi hata kutubu. Tena waganga wa hospitali wanatuambia kwamba bangi huvuruga akili, hasa ya kijana.

Nao umoja ule haukuwapendeza wote. Machifu waliokataa walishurutishwa kwa bunduki, Wissmann akisaidiana na Kalamba. Mwaka 1884 Wissmann akajenga Luluabourg, ndiyo Kananga ya leo. Katika miaka ya 1890 Kalamba mwenyewe alipigana na Serikali ya Leopold.

Dini ile imekwisha. Lakini Kasai watu wangali wakiamkiana “Moyo”.